Kompyuta Inayojizima: Kutofautisha Kosa la Umeme na Kosa la Mpangilio wa Maunzi

Fundi wa kompyuta aliyeko Mtwara au Lindi hupokea mashine nyingi zikiwa zimekwisha kuhukumiwa na wenyewe kabla hazijafunguliwa: inajizima, na kinachoizima ni umeme. Hukumu hiyo haikosi msingi, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huua vifaa, na kila mwenye friji anajua. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kompyuta zinazoganda, zinazojiwasha upya au zinazoonyesha skrini ya bluu huwa hazina kipuri kilichokufa. Vipuri vyote ni vizima, ila vimepangwa vibaya: RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda) zisizoendana zimewekwa pamoja, diski inasomwa kwa hali tofauti na ile iliyotumika Windows iliposakinishwa, feni imechomekwa kwenye pini zisizo zake, au pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, imebebeshwa mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Tatizo la namna hii haliponi kwa kununua kifaa kipya, na mara nyingi kifaa kipya ndicho kilicholileta.

Swali la kwanza la kumuuliza mteja, kwa hiyo, ni nini kilibadilishwa, kiliongezwa au kuhamishwa kabla tatizo halijaanza. Akijibu kwamba hakuna kilichoguswa, aulizwe tena kwa njia nyingine: je, mashine ilihamishwa chumba, ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, au ilipita mkononi mwa fundi mwingine? Majibu hapo huanza kubadilika.

Kuutenga umeme kwanza

Windows 10 na Windows 11 huandika kila tukio la kuzimika bila utaratibu, na maandishi hayo ndiyo shahidi asiye na upande. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha System, na utafute tukio lenye namba 41 kutoka Kernel-Power. Wengi huishia hapo na kusema wameona kosa la umeme kwa sababu ya hilo neno Power. Tukio hilo peke yake linasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa ipasavyo, na halisemi sababu. Sababu hutafutwa kwenye sehemu ya Details, katika mstari wa BugcheckCode.

Mstari huo ukiwa na sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika lolote. Hapo washukiwa ni umeme wa ukutani, pawasaplai, joto kali, au mashine iliyoganda kabisa hadi mtu akaizima kwa kubonyeza kitufe kwa muda. Ukiwa na namba nyingine, Windows yenyewe ilisimama baada ya kugundua kosa, na umeme wa mtaani huachwa kando kwa wakati huo. Namba hizo huandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, tofauti na misimbo ya skrini ya bluu inayoanza na 0x, kwa hiyo 26 ni sawa na 0x1A ambayo ni MEMORY_MANAGEMENT, 10 ni 0xA ambayo ni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 80 ni 0x50, na 292 ni 0x124, yaani WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Ili msimbo ubaki kwenye skrini badala ya kupita kama umeme wa radi, fungua mipangilio ya Startup and Recovery iliyo ndani ya System Properties na uondoe alama kwenye Automatically restart.

Ipo hali moja inayofanana na kukatika kwa umeme lakini ni kosa la upangaji tu, nayo huonekana sana kwenye steshenari. Kompyuta inafanya kazi vizuri asubuhi nzima, ila kila mara mtu anapoanza kuchapa au kutoa kopi, UPS inalia na kompyuta inazimika. Nyuma ya meza utakuta printa ya leza imechomekwa kwenye soketi ile ile ya UPS inayolindwa na betri. Printa ya leza ina kifaa cha kupasha joto kinachoyeyusha wino wake wa unga, na kinapowaka huvuta mamia ya wati kwa mara moja, ilhali UPS ndogo ya VA 650 hubeba takriban wati 360 hadi 390 tu kwa jumla. Printa ihamishiwe ukutani au kwenye stabilaiza yake yenyewe, na UPS ibaki na kompyuta na skrini. Hakuna cha kununua.

Mashine iliyokaa tangu msimu uliopita

Hili nitalieleza kwa urefu, kwa kuwa mikoa hii inalo kwa wingi kuliko inavyodhaniwa. Ofisi nyingi za vyama vya msingi huwa na kazi nyingi ya kompyuta kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, na kazi hiyo hupungua sana msimu ukifungwa. Kompyuta huchomolewa, hufunikwa kitambaa, na hukaa hivyo kwa miezi. Inapochomekwa tena, inawaka, inaonyesha nembo ya Windows, kisha inatoa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, msimbo 0x7B, na kujiwasha upya bila kikomo. Mwenye ofisi anaambiwa diski imekufa, na hesabu za wakulima zimo humo.

Mara nyingi diski ni nzima. Kilichokufa ni betri ndogo ya duara iliyo juu ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta), aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo kazi yake ni kutunza saa na, katika mashine nyingi za zamani, mipangilio ya BIOS pia, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, pawasaplai huendelea kutoa umeme kidogo unaoipumzisha betri hiyo. Ikichomolewa, au swichi ya ukutani ikizimwa kila jioni kama ilivyo desturi ya maduka mengi kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu usiku, betri hubaki peke yake na huisha mapema. Siwalaumu wanaozima ukutani, kwa sababu wanalinda kitu cha thamani zaidi, lakini wajue kwamba betri itahitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Betri inapoisha, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hapo ndipo kompyuta inapoanguka. Mpangilio unaoleta madhara makubwa ni ule wa SATA, yaani jinsi madabodi inavyozungumza na diski, wenye hali tatu zinazokutwa zaidi: IDE, AHCI na RAID. Kompyuta nyingi za Dell OptiPlex, ambazo zimejaa katika soko la mitumba, hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID. Aliyeisakinisha Windows huenda aliigeuza kuwa AHCI kwanza. Betri ikifa, mashine inarudi RAID kimyakimya, Windows inawaka ikiwa na draiva ya AHCI mkononi, haioni diski inayotegemea, na inasimama.

Dalili za kuthibitisha hazihitaji kifaa. Ingia kwenye BIOS na utazame saa: ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mashine ambayo bado inawaka huonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine, pale tovuti za benki na barua pepe zinapokataa kufunguka zikidai kwamba cheti cha usalama si halali, wakati intaneti yenyewe ipo. Ukiwa na multimita, betri mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo, na iliyoshuka hadi karibu 2.7 haifai kurudishwa mahali pake.

Dawa ni kubadilisha betri, kurekebisha saa, kisha kuirudisha hali ya SATA kama ilivyokuwa. Kama hakuna anayekumbuka ilikuwaje, jaribu AHCI kwanza. Kujaribu AHCI badala ya IDE au RAID katika kompyuta yenye diski moja hakufuti kitu, kwani isipokubali unarudisha tu. Ila ikiwa mashine ina diski mbili au zaidi zilizounganishwa kwa RAID, usiguse mpangilio huo kabla ya kuhakikisha nakala ya data ipo mahali pengine. Badala ya skrini ya bluu, mashine nyingine husema haikukuta kifaa cha kuwashia. Hapo kilichorudi nyuma ni hali ya kuwashia, kati ya UEFI na Legacy, nayo hurudishwa kwa njia ile ile. Mashine yenye BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga data ya diski, inaweza kudai namba ya kufungulia baada ya mabadiliko ya BIOS, kwa hiyo mwenyewe aulizwe kama anayo kabla ya kugusa chochote.

Kwa sababu hii, ushauri unaotolewa ovyo wa kurudisha BIOS kwenye mipangilio ya awali kila kompyuta inapoleta shida unahitaji tahadhari. Ni ushauri mzuri kwa matatizo ya RAM na prosesa, lakini unaweza kuzalisha tatizo la diski ambalo halikuwapo. Piga picha za kurasa zote za BIOS kwa simu kwanza, hasa ukurasa wa SATA na ule wa kuwashia.

Skrini ya bluu inayobadilika kila mara

Msimbo ukiwa 0x1A leo, kesho 0x50, keshokutwa 0xA, na programu zikijifunga zenyewe katikati ya kazi bila mpangilio unaoeleweka, elekeza macho kwenye RAM. Msimbo usiotulia ni dalili ya kumbukumbu isiyotulia, kwa kuwa kosa hutokea popote pale data ilipopotoshwa. Historia huwa ni ya aina moja: kompyuta ilikuwa nzito, ikaongezewa kipande cha RAM kilichotolewa kwenye mashine nyingine, ikawa nyepesi, kisha ikaanza kuanguka.

Soma karatasi iliyobandikwa kwenye kila kipande. Tuseme kimoja kimeandikwa 2Rx8 PC3-12800 na kingine 1Rx8 PC3L-12800. Vyote ni DDR3, yaani kizazi kimoja cha RAM, kasi yao ni moja, na vinaingia kwenye sloti moja, lakini cha kwanza huhitaji volti 1.5 wakati cha pili, kwa ajili ya ile herufi L, hufanya kazi kwa volti 1.35. Madabodi nyingi za mezani za DDR3 huvimudu vyote kwa volti 1.5. Laptopu nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2013 hutoa volti 1.35 tu, na humo kipande kisicho na L ama hakiwaki kabisa ama kinawaka na kuangusha mashine kila inapopata joto. Tarakimu ya mwanzo, 1R au 2R, huonyesha idadi ya safu za chipu, na mchanganyiko wa safu huongeza mzigo kwa prosesa inayoziendesha.

Mzigo huo una mipaka iliyoandikwa na watengenezaji. Prosesa za kwanza za AMD Ryzen za mwaka 2017 zilithibitishwa kwa DDR4 ya kasi ya 2667 zikiwa na vipande viwili vya safu moja, lakini zikiwa na vipande vinne vya safu mbili kasi iliyothibitishwa hushuka hadi 1866. Mtu anayejaza sloti zote nne kisha akawasha XMP ili apate kasi ya 3200 iliyoandikwa kwenye boksi ameomba kitu ambacho prosesa haikuahidi. XMP si mpangilio wa kawaida: huongeza kasi na mara nyingi hupandisha volti ya DDR4 kutoka 1.2 hadi 1.35. Izime, uache RAM ikimbie kwa kasi yake ya kawaida, na utazame kama mashine itatulia. Ikitulia, jibu limepatikana, na tofauti ya kasi haitaonekana kwa mtu anayeandika barua na kujaza majedwali.

Uchunguzi wenyewe hufanywa na MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows. Fundi asitosheke kupima vipande vyote vikiwa pamoja. Apime cha kwanza peke yake hadi mzunguko mmoja kamili uishe, kisha cha pili peke yake katika sloti ile ile, kisha vyote viwili. Kipande kinachotoa makosa kikiwa peke yake katika kila sloti ni kibovu. Kipande kinachotoa makosa katika sloti moja tu kinaishtaki sloti, au uchafu uliomo. Vikifaulu vyote kila kimoja kwa zamu yake na kushindwa vikiwa pamoja, hakuna kibovu hapo. Ni ndoa isiyofaa, na vipande hivyo vitatumika kwa raha katika mashine mbili tofauti. Kosa lolote hata moja halivumiliwi, maana RAM nzima haitoi kosa.

Sloti nazo zina utaratibu. Katika madabodi nyingi zenye sloti nne, vipande viwili hukaa katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ingawa kitabu cha madabodi ndicho chenye kauli ya mwisho. Kabla ya kurudisha kipande, meno yake ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli na yapanguswe makombo. Maeneo ya Shangani ya Mtwara, Lindi mjini na Kilwa, ambako upepo wa bahari huingia moja kwa moja dirishani, meno hayo hupata utando mapema kuliko Masasi au Newala, ambako adui mkubwa ni vumbi.

Inaanguka kazi inapozidi

Studio ya kuhariri video za harusi hununua kompyuta ya ofisi ya mitumba, kisha hutafuta kadi ya picha na kuichomeka. Mashine inawaka na kucheza muziki siku nzima, lakini inajiwasha upya dakika chache baada ya kuanza kutoa video iliyohaririwa, na BugcheckCode inasoma sifuri. Hapo kasha lifunguliwe na karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai isomwe: nyingi za kompyuta hizo ndogo ni za wati 240 au 255, zilizokadiriwa kwa prosesa, diski na kidogo cha ziada. Sloti ya kadi ya picha hutoa hadi wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti ya kawaida huishi ndani ya kiwango hicho, lakini RX 580 hutumia takriban wati 185, na inahitaji waya wake wenye pini 8 kutoka kwenye pawasaplai inayoweza kuutoa.

Kwa kuwa waya huo haupo, wauzaji hutoa adapta inayobadilisha plagi ya SATA kuwa pini 8. Adapta hiyo ni hatari na isiachwe ndani ya mashine ya mteja. Plagi ya SATA imeundwa kubeba takriban wati 54 katika mstari wa volti 12, na pini 8 zimeundwa kwa wati 150. Plastiki huanza kubadilika rangi, kisha kunuka, na kuna zilizoyeyuka. Ama kadi ibadilishwe kwa ile isiyohitaji waya wa ziada, ama mashine yenyewe ibadilishwe kwa yenye pawasaplai ya kutosha.

Msimbo 0x124 ukitokea wakati wa kazi nzito, angalia kama prosesa imeongezewa kasi kupita ya kiwandani, au kama volti yake imeguswa, na urudishe vyote kama vilivyokuwa. Angalia pia kwamba waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 4 au 8 karibu na kona ya juu ya madabodi, umeingia hadi kufunga.

Inazima baada ya muda ule ule

Mashine inayozimika dakika kumi au kumi na tano baada ya kuwashwa, ikakataa kuwaka hadi ipoe, inajilinda dhidi ya joto. Kabla ya kulaumu hali ya hewa ya pwani, gusa kipoza joto cha prosesa: kikicheza, mojawapo ya vishikizo vyake vinne haikufunga, na prosesa inagusana na chuma upande mmoja tu. Feni ya prosesa ichomekwe kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Ikiwekwa kwenye SYS_FAN, huweza kuzunguka polepole bila kufuata joto la prosesa, na mtu akishakwenda BIOS kuzima onyo la feni ili mashine iwake, amefunga mdomo wa pekee aliyekuwa akisema ukweli. Grisi ya kupitishia joto iwe kidogo, na ya zamani ifutwe kwanza.

Yanayobaki ni ya kutazama tu kwa macho. Madabodi iliyohamishiwa kwenye kasha lingine ikaguliwe kwa chini, kwa sababu nguzo moja ya shaba iliyobaki mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa njia za umeme na kuizima mashine kila meza inapotikiswa. Na pawasaplai yenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma yake, hasa kwenye mashine zilizotoka Marekani, isichomekwe kabla kiswichi hicho hakijasomwa, kwani umeme wetu ni wa volti 230 na hauulizi mara mbili.